Siri ya Wakili na Mteja Katika Kesi za Fidia ya Majeraha

Mazungumzo ya leo yanahusu jambo moja la sheria ya Marekani ambalo humgusa kila mtu aliyeumia kwa uzembe wa mwingine na akaamua kudai fidia mahakamani, nalo ni hili: kati ya yale yote aliyomweleza wakili wake, ni yapi yanayobaki kuwa siri, na ni yapi ambayo upande wa pili una haki ya kuyajua? Swali hilo haliko mbali na wazungumzaji wa Kiswahili, kwani wako wengi kutoka Kenya, Tanzania, Kongo, Burundi na Rwanda wanaoishi Marekani, wakiendesha malori, wakitunza wagonjwa na wazee au wakifanya kazi katika maghala na viwanda, na mmoja wao anapogongwa barabarani au kuteleza kwenye sakafu ya duka, hujikuta ndani ya utaratibu wa mahakama asiouzoea.

Mazungumzo haya yatapita katika hatua nne: kwanza, namna pande mbili zinavyolazimika kufichuliana ushahidi kabla ya kesi kusikilizwa; pili, maana na mipaka ya kinga ya siri ya wakili; tatu, kinga ya kazi ambayo wakili huifanya anapojiandaa kwa kesi; na nne, njia ambazo kwazo mtu huipoteza siri yake bila kujua. Lakini kabla ya yote, msikilizaji ashike jambo moja, maana litarudiwa mara kwa mara: kinga ya siri ya wakili hulinda maneno, hailindi tukio.

Hatua ya kwanza, basi, ni ile ya kufichuliana ushahidi. Katika kesi ya madai nchini Marekani, mdai anayeomba fidia na mdaiwa anayelaumiwa kwa ajali hawangoji siku ya kusikilizwa kwa kesi ndipo waoneshane walichonacho, bali tangu Kanuni za Shirikisho za Mwenendo wa Mashauri ya Madai zilipoanza kutumika mwaka 1938, kila upande una haki ya kuutaka mwingine utoe mapema yale yanayohusiana na madai na yasiyolindwa na kinga ya siri. Kesi nyingi za majeraha huendeshwa katika mahakama za majimbo, ambazo zina kanuni zake zenyewe, lakini kwa sehemu kubwa zimefuata mkondo huo huo.

Je, ushahidi huo hutafutwa vipi? Upande mmoja huweza kuupelekea mwingine maswali ya maandishi ambayo hujibiwa chini ya kiapo. Huweza kuomba nyaraka, picha na ujumbe wa simu. Huweza kuiomba mahakama iamuru mdai achunguzwe na daktari, kwa kuwa hali ya mwili wake ndiyo inayobishaniwa. Na huweza kumwita mtu kwenye mahojiano ya kiapo, ambayo hufanyika nje ya mahakama, mara nyingi katika ofisi ya wakili, huku mwandishi rasmi akinakili kila neno linalotamkwa, na ambayo kwa kanuni za shirikisho hayazidi siku moja ya saa 7 isipokuwa pande zimekubaliana au mahakama imeamua vinginevyo. Lengo la utaratibu huu ni kuzuia kesi isiwe mchezo wa kuviziana, ili kila upande ujue nguvu na udhaifu wa mwenzake na, mara nyingi, wapatane kabla ya kufika mbele ya baraza la wazee wa mahakama.

Sasa, ikiwa kila kitu kinachohusiana na kesi huombwa, je, mazungumzo ya mdai na wakili wake nayo yaombwe? Hapo ndipo mazungumzo haya yanapoingia katika hatua ya pili. Sheria inajibu kwamba hapana, mradi masharti manne yametimia: yawe ni mawasiliano, kwa mdomo au kwa maandishi, yawe kati ya mteja na wakili, au wasaidizi wao, yawe yamefanywa kwa siri, na yawe yamefanywa kwa ajili ya kutafuta au kutoa ushauri wa kisheria. Sharti moja likikosekana, kinga nayo hukosekana, na ndiyo maana salamu za sikukuu alizoandikiwa wakili, au ushauri wa biashara alioombwa kama rafiki, haviwi siri ya kisheria kwa sababu tu aliyeandikiwa ana shahada ya sheria. Aidha, kinga hiyo ni mali ya mteja, si ya wakili, kwa hiyo ni mteja ndiye mwenye uwezo wa kuiachilia, na wakili hana ruhusa ya kuitoa siri hiyo kwa hiari yake mwenyewe.

Kwa nini sheria inakubali kuficha maneno ambayo pengine yangeirahisishia mahakama kuupata ukweli? Sababu yake Waswahili waliisema zamani waliposema kwamba mficha uchi hazai: mteja anayeogopa kwamba kila neno lake litasomwa na mpinzani atamficha wakili jeraha la zamani la mgongo, atamficha kwamba alikuwa akizungumza kwa simu alipokuwa akivuka barabara, na wakili asiyeyajua hayo hawezi kumshauri ipasavyo, wala hawezi kumwambia mapema kwamba madai yake ni dhaifu na afadhali apatane.

Hata hivyo, hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na ndipo lile jambo la mwanzo linaporudi: kinga hulinda maneno, hailindi tukio. Msikilizaji na achukulie mfano wa mahojiano ya kiapo katika kesi ya magari mawili yaliyogongana kwenye makutano ya barabara. Wakili wa mdaiwa anamgeukia mdai na kumwuliza, «Ulipoingia kwenye makutano, taa ilikuwa ya rangi gani?» Mdai hana budi kujibu, na hawezi kusema kwamba jambo hilo amekwisha kumweleza wakili wake na kwa hiyo limekuwa siri, kwani rangi ya taa ni tukio lililotokea barabarani, nje ya ofisi ya wakili yeyote. Wakili yule yule akiendelea na kuuliza, «Ulimwambia nini wakili wako kuhusu taa hiyo?», wakili wa mdai atapinga swali hilo papo hapo na kumwelekeza mteja wake asijibu, na mwandishi rasmi atanakili pingamizi hilo. Maswali mawili yanahusu taa ile ile, lakini la kwanza linauliza tukio na la pili linauliza maneno. Tofauti hiyo ilisisitizwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1981, katika shauri la kampuni ya dawa ya Upjohn dhidi ya serikali, pale iliposema kwamba mtu hawezi kuukwepa ukweli wa jambo kwa sababu tu aliupitisha katika masikio ya wakili.

Kwa mantiki hiyo hiyo, waraka uliokuwepo kabla mteja hajamwona wakili haugeuki kuwa siri kwa kuwekwa ndani ya jalada la wakili. Picha za ajali, risiti za hospitali, ujumbe aliomwandikia jirani jioni ya siku ile, vyote hubaki kama vilivyokuwa na huweza kuombwa. Na siri ya daktari je? Mdai anayesema kwamba mgongo wake umeumizwa ameuleta mgongo huo mahakamani kwa hiari yake, kwa hiyo kumbukumbu za matibabu zinazohusiana na jeraha hilo, pamoja na zile za kabla ya ajali, kwa kawaida hufunguliwa kwa upande wa pili. Siri ya daktari hulegea, ilhali ile ya wakili hubaki imara.

Je, mpaka kati ya siri hizo mbili huwa wazi siku zote? La, na jimbo la Florida linatoa mfano mzuri. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kesi ya mwanamke aliyeanguka kwenye eneo la kuegesha magari, ambaye upande wa utetezi ulitaka kumwuliza kama ni wakili wake aliyempeleka kwa madaktari bingwa waliomtibu, ili kuonesha kwamba huenda gharama zilikuzwa kwa makubaliano ya wakili na madaktari. Majaji walio wengi, wanne dhidi ya watatu, walisema kwamba swali hilo linaingilia siri ya wakili na mteja na halipaswi kujibiwa. Miaka sita baadaye, mwaka 2023, bunge la Florida lilipitisha sheria inayotaka upelekwaji wa namna hiyo utajwe pale daktari anapotibu kwa ahadi ya kulipwa kutoka katika fidia itakayopatikana, hata kama aliyempeleka mgonjwa ni wakili. Kwa hiyo kinga ya siri si maandiko yasiyobadilika, bali hutungwa, hufasiriwa na hupunguzwa, na kila jimbo lina sheria yake, kiasi kwamba hata mahakama ya shirikisho inapoamua madai yanayotokana na sheria ya jimbo hufuata kanuni ya siri ya jimbo hilo.

Wasikilizaji wapenzi, hatua ya tatu inahusu kinga nyingine, ndugu wa ile ya kwanza lakini si ile ile, nayo ni kinga ya kazi ya maandalizi ya wakili. Kinga hii ilizaliwa majini. Tarehe 7 Februari 1943, boti ya kuvuta meli iitwayo J. M. Taylor ilizama katika mto Delaware, karibu na mji wa Philadelphia, ilipokuwa ikisaidia kuvuta tishari la kubebea mabehewa ya reli, na kati ya mabaharia tisa waliokuwamo, watano walikufa maji. Siku tatu baadaye wenye boti na kampuni za bima waliajiri wakili wa kuwatetea, na mwezi uliofuata wakili huyo akawahoji manusura wanne, akaandika maelezo yao, nao wakayatia sahihi. Mwakilishi wa mmoja wa marehemu, jina lake Hickman, alipofungua kesi, alipeleka maswali ya maandishi, na miongoni mwake lilikuwamo swali la 38, lililotaka nakala za maelezo hayo na muhtasari wa yale yaliyosemwa kwa mdomo tu.

Wakili alikataa, na mahakama ya kwanza ikaamuru kwamba yeye na wenye boti wafungwe kwa kuidharau mpaka watii. Shauri lilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo tarehe 13 Januari 1947 ilitoa uamuzi unaofundishwa katika vyuo vya sheria hadi leo. Majaji walikubali kwamba maelezo yale hayakuwa siri ya wakili na mteja, kwa kuwa manusura walikuwa mashahidi, hawakuwa wateja; lakini walisema kwamba wakili hawezi kuandaa kesi ikiwa mpinzani wake anaruhusiwa kuchungulia katika jalada lake wakati wowote, na kwamba anayetaka karatasi hizo lazima aoneshe haja ya kweli. Hickman hakuionesha, kwani manusura walikuwa hai, wanajulikana walipo, na walikuwa wamekwisha kutoa ushahidi hadharani mbele ya wakaguzi wa vyombo vya majini. Mwaka 1970 msingi wa uamuzi huo uliandikwa rasmi ndani ya Kanuni za Shirikisho.

Msikilizaji makini atakuwa ameona kwamba katika shauri hilo aliyelindwa hakuwa mfiwa, bali wenye boti na kampuni za bima. Hilo halipaswi kupitwa haraka, kwa sababu kinga ya siri hukata pande zote mbili: inamlinda mjeruhiwa asisomwe moyo na kampuni ya bima, lakini pia inaiwezesha kampuni kufunga majalada ambayo mjeruhiwa angetamani kuyaona. Ndiyo maana sheria imeweka tofauti mbili muhimu. Ya kwanza ni kwamba karatasi za ukweli mtupu, kama vile maelezo ya shahidi ambaye amekwisha kufariki, huweza kutolewa pale ambapo mdai ana haja kubwa nazo na hana njia nyingine ya kupata kinacholingana nazo bila taabu kubwa, ilhali mawazo na mikakati ya wakili hulindwa kwa ukali zaidi. Ya pili ni kwamba, chini ya kanuni za shirikisho, mtu yeyote aliyetoa maelezo kuhusu kesi ana haki ya kupewa nakala ya maelezo yake mwenyewe.

Uingereza nayo ilikutana na swali la namna hiyo mwaka 1979, pale mjane wa mfanyakazi wa reli aliyekufa katika mgongano wa treni alipoomba ripoti ya uchunguzi wa ndani wa shirika la reli. Majaji wa Baraza la Malodi waliuliza ripoti iliandikwa kwa kusudi gani hasa, na kwa kuwa kuzuia ajali nyingine kulikuwa kusudi lenye uzito sawa na kujitetea mahakamani, wakaamuru mjane apewe. Mafundisho ya Uingereza yana uzito Afrika Mashariki, ambako sheria za ushahidi zimetoka katika chimbuko hilo hilo la kikoloni: Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kwa mfano, inamkataza wakili katika kifungu cha 134 kuyatoa mawasiliano ya mteja wake bila idhini, na katika kifungu cha 135 inawafunga vivyo hivyo wakalimani, makarani na watumishi wa wakili, na Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967 ina masharti yanayofanana nayo.

Kutajwa kwa wakalimani kunaleta hatua ya nne, yaani namna siri inavyopotea. Siri hupotea, kwanza kabisa, inapoingiwa na mtu asiyehusika. Mteja anayekuja kwa wakili na rafiki wa kumsindikiza, akazungumza mbele yake, anaweza kuwa ameivunja siri mwenyewe, kwa sababu sharti la faragha halikutimia. Je, ina maana kwamba mama wa Kikongo asiyejua Kiingereza, aliyegongwa na gari, hana siri kwa kuwa lazima awepo mtu wa tatu wa kumtafsiria? Hapana. Mwaka 1961, katika shauri la Kovel lililoamuliwa na mahakama ya rufaa ya shirikisho mjini New York, Jaji Henry Friendly alieleza kwamba mkalimani anayemwezesha mteja wa lugha nyingine kuelewana na wakili haivunji kinga, na akautumia mfano huo huo kumlinda mhasibu anayemsaidia wakili kuyaelewa mahesabu ya mteja. Anayetafsiri kwa ajili ya ushauri wa kisheria yumo ndani ya siri. Anayekuja kusikiliza tu yuko nje. Kwa hiyo ni busara wakili aulizwe mapema nani atafsiri, na shangazi na wajomba wengine wasubiri ukumbini.

Pili, siri hupotea kwa simu. Barua ya wakili inayosambazwa kwenye kundi la familia, au mazungumzo ya ofisini kwa wakili yanayosimuliwa katika ujumbe wa sauti kwa rafiki, huweza kuombwa na upande wa pili. Tatu, maelezo anayopewa ofisa wa bima wa mdaiwa, anayepiga simu siku chache baada ya ajali kwa sauti ya upole na kuomba ruhusa ya kurekodi, hayana siri yoyote, kwa kuwa ofisa huyo si wakili wa mjeruhiwa na wala hayuko upande wake. Nne, hakuna siri kwa anayemtumia wakili kutenda uhalifu au ulaghai, mathalani anayetafuta ushauri wa namna ya kughushi risiti za hospitali.

Na je, karatasi ya siri ikitolewa kwa bahati mbaya, katikati ya maelfu ya kurasa? Tangu mwaka 2008, kanuni ya 502 ya ushahidi wa shirikisho inasema kwamba kosa hilo haliui siri ikiwa mwenye siri alichukua hatua za busara kuizuia isitoke na akachukua hatua upesi kuirekebisha. Aidha, anayezuia waraka hawezi kukaa kimya tu: kanuni za shirikisho humtaka aeleze asili ya waraka bila kuufichua, na kwa kawaida mawakili huandaa orodha ya nyaraka zilizozuiwa, ambayo kila mstari wake hutaja tarehe, mwandishi, mpokeaji, aina ya waraka na sababu ya kuuzuia, kusudi mpinzani aweze kupinga na jaji aweze kupima. Mara nyingine jaji huusoma waraka wenyewe akiwa peke yake ofisini, kisha huamua.

Kwa muhtasari, wasikilizaji wapenzi, hatua ya kufichuliana ushahidi hufungua mlango mpana. Siri ya wakili hufunga chumba kimoja tu, kile cha maneno yaliyosemwa kwa faragha kwa ajili ya ushauri wa kisheria. Kazi ya maandalizi ya wakili ina kinga yake, ambayo haja kubwa huweza kuilegeza. Na mteja mwenyewe ndiye anayeweza kuipoteza siri yake kwa ulimi au kwa kidole. Aliyeumia na anayedai fidia anaaswa, basi, amweleze wakili wake kila kitu, hata lile linalomwaibisha, kwa kuwa hapo analindwa. Ajibu ukweli anapoulizwa kuhusu tukio chini ya kiapo, kwa kuwa hapo hakuna pa kujificha. Na asimweleze mtu mwingine yeyote yale aliyozungumza na wakili, mpaka kesi itakapokwisha, na hata baada ya hapo.